Mjue nondo wa miombo: alama za kumtambua Zamarada kabla ya kushika bomba la dawa



Mvua za vuli zinapokaribia na miti ya asili kuanza kutoa majani mapya, kamati za maendeleo za parokia hupokea ombi ambalo sasa limekuwa la kawaida: "Miti ina viwavi, tunaomba fedha za dawa." Wanaoomba ni watu wenye uchungu na kazi yao. Wamechimba mashimo, wamebeba maji kichwani, wamelinda miche dhidi ya mbuzi na moto. Tena tangu mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia nchini na kushambulia mahindi, neno kiwavi limekuwa neno la kutia hofu.

Hata hivyo, viwavi si wa aina moja. Wapo wanaoharibu mazao na wapo ambao wameishi katika miombo yetu miaka mingi bila kuua mti. Asiyewatofautisha atatumia fedha za wafadhili kununua sumu ya kumwagia kiumbe asiye na kosa, na sumu hiyo hiyo itaua nyuki walio katika mizinga ya kikundi cha jirani. Kwa sababu hiyo, katika toleo hili tunaeleza alama za nondo mmoja wa misitu ya wilaya za Ngara na Biharamulo, yaani nondo wa jenasi Zamarada, na namna ya kumtenga na wanaofanana naye. Ukishamjua huyu, utakuwa umejifunza namna ya kumkagua kiwavi yeyote.

MISITU TUNAYOIZUNGUMZIA

Biharamulo ni nchi ya miombo. Huko kuna miti ya jamii ya mikunde kama mtundu na mninga, na chini yake nyasi ndefu. Ngara ni nchi ya vilima, yenye mapori ya migunga na miti mingine mifupi kuelekea mito ya Kagera na Ruvubu. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Nje ya hifadhi yapo mapori ya vijiji, mashamba ya miti na viwanja vya miti vya parokia, ambavyo ndivyo tunavyovizungumzia hapa.

Wazee wa Ngara hawahitaji kukumbushwa mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, wakimbizi kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa wingi usiowahi kuonekana. Shirika la UNHCR lilikadiria watu 250,000 kwa muda wa saa 24 tu. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Watu wale walihitaji kuni za kupikia na nguzo za kujengea, na vilima vilivyozunguka kambi vikabaki vitupu. Wanyarwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, lakini kambi ya Lukole iliendelea kuwapokea Warundi hadi miaka ya 2000. Kutokana na hali hiyo, serikali, mashirika na makanisa walihimiza upandaji wa miti, na mpaka leo kupanda miti ni sehemu ya kazi za parokia nyingi.

Miti mingi iliyopandwa ni ya kukua haraka: mikaratusi, misindano, migrevilea. Ina faida zake za kuni, mbao na kivuli. Lakini kilima chenye mikaratusi mitupu hakijawa miombo. Miombo ni miti pamoja na viumbe wanaoishi humo, na miongoni mwa viumbe hao yumo nondo wetu.

NONDO NI MDUDU GANI?

Nondo tunayemzungumzia si chuma cha ujenzi. Ni mdudu wa ukoo mmoja na kipepeo, mwenye mabawa manne yaliyofunikwa na magamba madogo kama unga. Ukimshika, unga huo hubaki vidoleni. Vipepeo huruka mchana na papasi zao zina kirungu kidogo mwishoni. Nondo wengi huruka usiku, na papasi zao ni nyembamba kama uzi au zimechanuka kama unyoya.

Maisha ya nondo yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na nondo kamili. Anayekula majani ni kiwavi. Nondo kamili hatafuni jani, kwa kuwa mdomo wake ni mrija wa kunyonya utamu wa maua na maji.

Zamarada ni wa familia ya Geometridae, yenye spishi zaidi ya 20,000 duniani. Jina hilo limetokana na Kigiriki na maana yake ni mpima ardhi, kwa sababu kiwavi wake hutembea kama mtu anayepima kiwanja kwa shubiri. Hunyoosha mwili mbele, hushika, kisha huvuta sehemu ya nyuma hadi mgongo unyanyuke kama kitanzi. Katika makala hii tutamwita kiwavi mpimaji.

HATUA YA KWANZA: HESABU MIGUU YA KIWAVI

Kabla ya kujali rangi, hesabu miguu. Rangi hubadilika kadiri kiwavi anavyokua na kutokana na majani anayokula, bali idadi ya miguu haidanganyi.

Viwavi wote wa nondo na vipepeo wana jozi 3 za miguu halisi, midogo na yenye ncha, karibu na kichwa. Tofauti iko katika miguu ya nyama, ile minene na laini iliyo nyuma yake:

1. Kiwavijeshi ana jozi 4 za miguu ya nyama katikati ya mwili na jozi 1 mwishoni kabisa. Hutambaa mwili ukiwa umelala, bila kufanya kitanzi. Kiwavijeshi vamizi, yule wa mahindi, ana pia alama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na nukta 4 nyeusi zilizojipanga kama mraba karibu na mwisho wa mwili.

2. Kiwavi mpimaji kwa kawaida ana jozi 1 tu ya miguu ya nyama, iliyo karibu na nyuma, na jozi 1 mwishoni. Katikati ya mwili hana miguu kabisa. Ndiyo maana hawezi kutembea bila kufanya kitanzi.

3. Wapo viwavi wanaojikunja nusu, wenye jozi 2 au 3 za miguu ya nyama katikati. Baadhi yao hushambulia maharage, nyanya na mboga. Hawa si wa familia ya Geometridae, ingawa kwa mbali mwendo wao hufanana.

4. Sota, adui mkubwa wa vitalu, hukaa kwenye udongo mchana na hukata shina la mche usiku. Ukimgusa hujikunja kama herufi C. Ukikuta mche umekatwa chini na kulala, tafuta sota kwenye udongo. Usiwalaumu viwavi wa majani.

Kiwavi mpimaji ana tabia nyingine ya kumtambulisha. Akishtuka hushika tawi kwa miguu ya nyuma, husimamisha mwili wima na kukauka kama kijiti. Wengine hujiachia kwa uzi mwembamba na kuning'inia hewani. Mtu anaweza kupita mti wenye viwavi kadhaa asione hata mmoja.

HATUA YA PILI: ALAMA ZA NONDO ZAMARADA

Kiwavi hukuonyesha familia. Ili kuijua jenasi, yaani kundi la karibu zaidi, inafaa umwone nondo kamili. Zamarada ana sifa ambazo zikikutana pamoja humtofautisha vizuri:

1. Ukubwa. Ni nondo mdogo hadi wa kadiri. Akitandaza mabawa, wengi hufikia kati ya sentimeta 2 na 3.5 kutoka ncha moja hadi nyingine. Mwili wake ni mwembamba na mabawa ni mapana kuliko mwili.

2. Namna ya kutua. Hulaza mabawa yote manne yakiwa yametandazwa juu ya jani au ukuta, kama karatasi iliyobandikwa. Hayakunji mgongoni kama paa la nyumba.

3. Rangi ya ndani ya bawa. Hii ndiyo alama kuu. Sehemu kubwa ya bawa, kuanzia mwilini, ni ya kijani chepesi inayopitisha mwanga, mfano wa kipande cha chupa ya kijani iliyosuguliwa. Ukimmulika kwa nyuma, mwanga hupenya.

4. Ukingo wa nje. Mabawa ya mbele na ya nyuma yana ukanda mpana wa rangi ya kahawia, mara nyingine wenye wekundu au zambarau. Mpaka kati ya kijani na kahawia ni mkali, hauchanganyiki polepole. Mara nyingi mpaka huo una mawimbi au meno, na umechorwa kwa mstari mweusi.

5. Nukta ya katikati. Katika kila bawa, ndani ya eneo la kijani, huwa kuna nukta au alama ndogo nyeusi. Katika baadhi ya spishi ni ndogo sana, hivyo tumia lenzi.

6. Ukingo wa mbele wa bawa la mbele. Huwa na rangi ya manjano au kahawia yenye madoadoa madogo au vistari vifupi.

7. Papasi. Dume wa spishi nyingi ana papasi zilizochanuka kama unyoya. Za jike ni nyembamba.

Mwenye lenzi nzuri anaweza kuongeza alama ya mshipa. Katika nusu-familia ambayo Zamarada ni mmojawapo, iitwayo Ennominae, mshipa mmoja wa katikati ya bawa la nyuma umefifia au haupo, wakati nondo wengine wa familia hiyo hiyo wanao.

Jihadhari na nondo mzee au aliyekufa siku nyingi. Magamba hupukutika na kijani hufifia hadi kuwa cheupe au manjano. Kwa nondo wa namna hiyo tegemea ukingo wa kahawia na nukta.

JENASI NI RAHISI, SPISHI NI KAZI YA MTAALAMU

Zamarada wana spishi zaidi ya 200, na karibu zote ni za Afrika kusini mwa Sahara. Chache ziko Asia. Mwaka 1974 mtafiti D. S. Fletcher wa Makumbusho ya Uingereza alichapisha uchambuzi mkubwa wa jenasi hii nzima. Kazi hiyo ilionyesha kwamba spishi nyingi hufanana mno kwa mabawa, na kwamba njia ya kuzitenga kwa uhakika ni kuchunguza viungo vya uzazi vya nondo kwa hadubini.

Kwa hiyo, kamati za parokia zisijitwishe mzigo usio wao. Picha nzuri ya simu hutosha kusema "huyu ni Zamarada." Haitoshi kusema ni Zamarada yupi. Taarifa inayoishia kwenye jenasi, yenye tarehe, mahali na jina la mti, ina thamani kubwa kuliko taarifa yenye jina la spishi lililobahatishwa.

WANAOFANANA NAYE

Wa kwanza ni nondo wa kijani wa nusu-familia ya Geometrinae, ambao nao ni wapimaji. Kijani chao ni kizito kama cha jani na hakipitishi mwanga. Wengi wana mistari myembamba myeupe inayokatiza mabawa, na hawana ule ukanda mpana wa kahawia. Bawa lao la nyuma lina mshipa wa katikati uliokamilika.

Wa pili ni nondo wa jenasi Chiasmia, wakaao pia kwenye migunga. Kwa kawaida ni wa kijivu au kahawia wenye mistari ya giza, na mabawa yao ya nyuma mara nyingi yana kona ndogo. Hakuna kioo cha kijani.

Wa tatu ni mpimaji mkubwa wa kahawa, Ascotis reciprocaria. Huyu ni wa kijivu, mkubwa kuliko Zamarada, na kila bawa lina alama mfano wa mwezi au pete ndogo. Kiwavi wake hufikia takribani sentimeta 5 na ana rangi ya kijivu au kahawia kama kijiti kikavu. Hana mti mmoja tu, kwani hula kahawa pamoja na mimea mingine mingi. Wakulima wa kahawa wa Ngara na Biharamulo wanapaswa kumjua.

FUNDISHO KUTOKA MASHAMBA YA KAHAWA YA KENYA

Mpimaji wa kahawa ana historia ya kutufaa. Katika mashamba makubwa ya kahawa ya Kenya alikuwa mdudu asiyesumbua sana, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipolipuka na kula majani kwa wingi. Watafiti walihusisha mlipuko huo na sumu zenye nguvu zilizokuwa zikipuliziwa wadudu wengine wa kahawa. Sumu zilikuwa zimeua nyigu wadogo na maadui wengine wa kiwavi. Mlinzi alipouawa, mwizi akajitwalia shamba.

Nyigu hao wadogo si wale wanaotuuma. Ni wadogo kama sisimizi mwenye mabawa, au hata chini ya hapo. Jike hutaga mayai ndani ya mayai au mwili wa kiwavi, na watoto wake hula kiwavi kutoka ndani mpaka afe. Kazi hiyo hufanyika kila siku porini, na hatuilipii hata shilingi. Ndege nao hulisha makinda yao viwavi, na popo hukamata nondo usiku. Nondo wengi wa familia hii wana masikio chini ya tumbo, mahali linapoungana na kifua, ili wasikie popo akija.

Kwa mantiki hiyo, anayepulizia msitu kwa sababu ya viwavi wachache anaweza kujitengenezea viwavi wengi wa mwaka ujao.

MPIMAJI ANAPOKUWA MSAADA

Katika jimbo la Queensland nchini Australia, mgunga uitwao Acacia nilotica, ulioingizwa kutoka nje, uligeuka kuwa gugu baya la malisho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa huko waliachia nondo wa jenasi Chiasmia waliotoka Afrika, wakiwemo wa Kenya, ili viwavi wao wapunguze nguvu ya miti hiyo. Kabla ya kuwaachia, iliwabidi wahakikishe kwa majaribio kwamba viwavi hawataigeukia mimea mingine. Baadaye Chiasmia assimilis alishika makazi katika baadhi ya sehemu za pwani.

Tunaleta mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba viwavi wengi wana miti yao maalumu. Kiwavi aliyezoea mgunga hatahamia mahindi kwa sababu tu shamba liko karibu. Kati ya Zamarada, viwavi wa spishi kadhaa wamekutwa wakila majani ya miti ya jamii ya mikunde, hasa migunga. Kwa hiyo ukimwona Zamarada karibu na kigango, fahamu kwamba karibu na hapo pamebaki au pamerudi miti ya asili inayoweza kumlisha.

NAMNA YA KUFANYA UKAGUZI PAROKIANI

Ukaguzi hauhitaji mradi mkubwa. Vifaa ni shuka jeupe, kamba, taa ya sola yenye mwanga mkali, lenzi ndogo, daftari na simu yenye kamera.

1. Chagua usiku usio na mbalamwezi, wenye joto na upepo mdogo. Mwanzo wa mvua ni wakati mzuri.

2. Tundika shuka kati ya miti miwili na taa mbele yake. Anzeni giza linapoingia. Saa mbili au tatu hutosha.

3. Piga picha kila nondo akiwa ametulia, kwa juu, na ikiwezekana kwa chini pia. Weka rula kando yake ili ukubwa uonekane.

4. Andika tarehe, saa, kijiji, hali ya hewa na miti iliyo karibu. Majina ya miti kwa Kihangaza, Kisubi au Kisukuma yanafaa kabisa. Wazee wanaoyajua washirikishwe.

5. Zima taa mkimaliza. Taa ikiachwa hadi asubuhi, ndege huwala nondo wote waliobaki kwenye shuka.

6. Nendeni kwa kikundi, na vaeni viatu vya kufunika mguu. Msiingie ndani ya hifadhi bila ruhusa ya wahusika. Kukusanya na kusafirisha wadudu kwa ajili ya utafiti kuna taratibu zake za vibali. Kutazama na kupiga picha kwenye eneo la parokia kunatosha kwa kazi yetu.

Kwa viwavi, ipo njia ambayo hata wanafunzi wa shule ya msingi wanaiweza. Chukueni viwavi wachache pamoja na majani ya mti ule ule mliowakuta. Wekeni kwenye ndoo yenye udongo kidogo chini, funikeni kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa, na badilisheni majani kila siku. Baada ya muda atatoka nondo, na mtajua bila kubahatisha ni nani aliyekuwa akila mti huo. Ikiwa badala ya nondo watatoka nyigu wadogo, shangilieni. Mmewaona wafanyakazi wenu wa bure.

KAMATI IAMUE NINI?

Baada ya ukaguzi, tunashauri kamati ifuate utaratibu huu kabla ya kuandika ombi la fedha:

Miche kitaluni. Hapa uangalizi uwe wa kila siku, maana mche una majani machache. Okoteni viwavi kwa mkono asubuhi na jioni na fukueni sota. Ikishindikana, ulizeni afisa ugani kuhusu dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo hulenga viwavi na haina madhara makubwa kwa nyuki.

Miti iliyopandwa. Mti wa majani mapana wenye afya, ukiliwa majani mara moja, kwa kawaida huchipua tena mvua zikiendelea. Misindano na mivinje haina uvumilivu huo, hivyo ikiliwa sana au ikirudiwa, toeni taarifa haraka kwa ofisi ya misitu ya wilaya au kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Msitu wa asili. Msipulizie. Viwavi, nyigu, ndege na popo wana mizani yao. Nguvu ya kamati iende kwenye kuzuia moto na ukataji ovyo.

Kahawa. Hesabuni viwavi kwa mti, tazameni nondo wa kijivu mwenye alama ya mwezi, na mpate ushauri wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye kituo Maruku, Bukoba. Dawa yoyote itakayotumika iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Wenye mizinga walio jirani waarifiwe mapema, na msipulizie wakati kahawa au miti ya jirani imechanua.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Kwa miaka mingi taarifa zetu kwenu zimekuwa na hesabu ya miche iliyopandwa. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa kuwa mchango wa sadaka unadai uwazi. Lakini hesabu ya miche haielezi kama msitu unarudi. Mikaratusi elfu moja na migunga elfu moja huandikwa kwa tarakimu ile ile, ingawa kwa nyuki, ndege na nondo ni vitu viwili tofauti.

Tunawaomba mtuulize pia ni miti gani tuliyopanda, mingapi ni ya asili, na ni viumbe gani vilivyoonekana humo. Ombi la dawa likija kwenu, ulizeni kama viwavi walitambuliwa na nani aliwatambua. Swali hilo halitakatisha tamaa kikundi cha kigangoni. Litakisaidia kutumia fedha kidogo mahali panapostahili, kwa mfano kununua mbegu za miti ya asili au kuongeza mizinga.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliwataja wadudu pamoja na viumbe wengine wadogo wasioonekana kirahisi, kwamba nao wanahitajika ili mazingira yafanye kazi yake vizuri. Na katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba kazi ya kwanza aliyopewa Adamu juu ya wanyama ilikuwa kuwapa majina. Huwezi kumtunza usiyemjua kwa jina.

Kamati zitakazofanya ukaguzi katika mvua zijazo zinaombwa kutuma nakala ya daftari na picha zao kwa idara ya maendeleo, hata kama hazikumwona Zamarada. Kilima ambacho hakikutoa nondo hata mmoja wa kijani nacho kitatuambia mahali pa kuanza kupanda migunga.

Tunawatakia kazi njema na mvua za baraka.